Re: Meli ya anga yenye mwili wa malaika Moshi, akili ibaki wapi?

Mkuu, umeuliza akili ya meli ya anga, yenye mwili wa malaika mjini Moshi, ibaki wapi. Iache kwenye meli, kwenye obiti (njia ya kuzunguka Dunia) ya kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako meli huzunguka sawasawa na Dunia. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini, hivyo meli itakaa karibu utosini muda wote. Ila amri kwenda na taarifa kurudi ni kama sekunde 0.24, malaika atajikwaa sokoni Mbuyuni. Mpe ubongo mdogo wa kushika mizani na mabawa, meli ibaki na maamuzi. Ukiishusha hadi kilomita 400 ucheleweshaji unaisha, lakini inapotea upeoni ndani ya dakika 10 hivi, na hilo ni baya zaidi.

Uzito wa malaika uwe kilo 20. Ndege wanaoruka hawazidi sana hapo. Kileleni Kibo, Kilimanjaro, mita 5,895, hewa ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari: eneo la mabawa liongezwe karibu maradufu.