Je, Kapteni Logan aliuawa na wafungwa wake?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika makala kuhusu Kapteni Patrick Logan wa Rejimenti ya 57 ya jeshi la Uingereza, mkuu wa kambi ya wafungwa ya Moreton Bay, Australia. Video karibu zote nilizotazama zinasema wafungwa wake walimuua mwaka 1830 kulipiza kisasi. Niandike hivyo?

Jibu: Marahaba. Usiandike hivyo. Swali hili haliniishi. Mtu anasoma kwamba wafungwa walimchukia Logan na walishangilia kifo chake, basi anahitimisha wao ndio waliomuua. Tangu lini anayecheka matangani akawa ndiye muuaji?

Oktoba 1830 Logan alitoka na mtumishi wake na wafungwa watano kwenda kukamilisha ramani ya bonde la mto Brisbane. Njiani wenyeji wa asili (Waaborijini) waliwasumbua. Tarehe 17 akaachana na wenzake, akatangulia peke yake na farasi wake. Maiti ilipatikana tarehe 28, imefukiwa kijuujuu. Kapteni Clunie, aliyerithi nafasi yake, aliiarifu serikali ya koloni huko Sydney kuwa wauaji ni wenyeji. Huiamini barua ya serikali? Haya, usikilize wimbo maarufu wa wafungwa unaomlaani Logan: nao unamtaja mwenyeji aliyemvizia!

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wenyeji wanafutwa kabisa, wakati wao ndio waliokuwa wakipimiwa nchi yao. Mtengeneza video anataka kisasi cha gerezani kwa sababu kinavuta watazamaji.

Ukatili wa Logan, huo andika bila woga. Daftari la msimamizi wa wafungwa, Peter Spicer, lina zaidi ya viboko 11,000 vilivyoamriwa kati ya Februari na Oktoba 1828.

Na hili si la Logan peke yake. Kila kambi ya adhabu ya zamani ina hadithi yake tamu inayonakiliwa mkono kwa mkono. Video kumi zilizonakili blogu moja bado ni chanzo kimoja. Wapo pia wanaouza “nyaraka za siri” kwenye makundi ya WhatsApp. Usitoe hata senti. Barua za Katibu wa Koloni kuhusu Moreton Bay zimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Jimbo la Queensland, bure. Anza na za Oktoba na Novemba 1830.