Mwambie Mwenzako Habari za Maji

Wewe unayeanza kazi ya mapokezi kwenye nyumba za wageni hapa Shela, kisiwani Lamu, utaambiwa siku ya kwanza, "Saidianeni." Mimi nilipoambiwa hivyo nilidhani ni kubeba ndoo ya mwenzangu na kumsitiri akichelewa.

Mwaka wangu wa kwanza, mchana mmoja wa bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa sana, nahodha alinambia wageni wa kesho watoke saa mbili asubuhi kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Ndege yao ilikuwa ya adhuhuri, lakini ikifika saa nne maji yatakuwa yamekupwa, boti haitafika ngazini. Nikaitikia, nikamaliza zamu, nikarudi zangu nyumbani Langoni. Sikuandika daftarini wala sikumwambia wa zamu ya usiku.

Asubuhi boti ikasimama mbali, na yule ndugu wa zamu ya usiku akavusha masanduku kichwani, tope hadi magotini, wageni nyuma yake viatu mkononi. Msimamizi alipouliza kosa la nani, akajibu, "Hatukuambiana." Basi. Jina langu hakulitaja. Jioni akaniita pembeni: "Mizigo mimi nabeba. Wewe nambie maji."

Kwa hiyo usiondoke kabla hujaandika, na ukishaandika mwambie pia kwa mdomo. Ujumbe wa simu usiutegemee, maana simu ya mwenzako huenda iko chaji jikoni. Mwambie nani analipa leo, chumba gani bomba linavuja, mgeni gani hali samaki. Hata la aibu, kama umemjibu mgeni vibaya, liseme. Mwenzako ndiye atakayekutana na hasira zake.

Ukimkuta mpishi kaelemewa, osha masufuria au mkunie nazi. Chungu chake usikifunue bila kuuliza! Na mwenzako akikosea bei mbele ya mgeni, usimsahihishe hapo hapo kwa Kiswahili ukidhani mgeni haelewi. Wengi wanaelewa, na hata asiyeelewa anaona uso wa mwenzako ulivyobadilika. Mvute kando.

Mwezi wa Ramadhani, kama hufungi, shika mapokezi wewe magharibi ili wenzako wafuturu wametulia. Usingoje kuombwa. Mimi nafunga, na walionishikia saa ile nimewashikia Krismasi yao bila kuhesabu.

Kusitiriana kuna mpaka, lakini. Kuchelewa kwa sababu mtoto anaumwa nitakusitiri. Pesa ya kasha ikipungua, usiniombe.

Daftari letu sasa lina mstari juu ya kila ukurasa: maji kujaa, maji kupwa. Tunaujaza upya kila siku, kwa sababu saa za maji husogea kama dakika 50, na mtu aliyetoka mapumziko ya siku tatu atakuwa bado ana saa za zamani kichwani.