Maswali na Majibu: Je, Sauti Nzito Hupatikana kwa Mazoezi?

Tangu safu hii ilipogusia mafunzo ya watangazaji, barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti, yaani namna ya kuzungumza kwa besi. Nimechagua maswali matano.

Nina umri wa miaka 27 na kazi yangu ni kuwahudumia wateja kwa simu. Haipiti siku bila mtu kuniita "dada", ingawa uso kwa uso hakuna anayekosea. Je, kuna mazoezi ya kunipa besi? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza, simu yenyewe inakuonea. Mfumo wa kawaida wa simu hupitisha mitetemo kuanzia takriban 300 hadi 3,400 kwa sekunde, ilhali msingi wa sauti ya mwanamume mtu mzima huwa kati ya mitetemo 85 na 180, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya sauti yako haimfikii mteja, naye hulazimika kuikisia kutokana na zile za juu zilizopita.

Ama kuhusu mazoezi, inafaa kutenganisha kinachobadilika na kisichobadilika. Uzito wa sauti huanzia kwenye nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto (kisanduku cha sauti kilichoko kooni), ambazo zikiwa ndefu na nene hutetemeka polepole, na zikiwa fupi na nyembamba hutetemeka kwa kasi. Kwa wanaume urefu wake huwa kati ya milimita 17 na 25 hivi, na hakuna zoezi linalouongeza hata kidogo. Kinachobadilika ni matumizi. Watu wengi huzungumza juu ya kiwango chao wenyewe kwa sababu ya wasiwasi, haraka au shingo iliyokazwa, na mkazo huo ukiondoka sauti huteremka yenyewe bila kusukumwa.

Ili ukijue kiwango chako, sikiliza unavyoitikia "mhm" mtu anapokusimulia jambo nawe hujajiandaa kusema lolote. Hapo ndipo pa kuanzia. Kaa wima, weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi mpaka tumbo likisukume kiganja bila mabega kupanda, kisha vuma "mmm" kwa kiwango hicho hadi uhisi midomo na kifua vikitetemeka. Mvumo usikatike, fungua kinywa uingie moja kwa moja kwenye neno: "mmm-maji", "mmm-meza", "mmm-mama". Zoezi jingine linalotumiwa sana na wataalamu wa sauti ni kuchovya mrija wa soda kwenye glasi ya maji, kina cha vidole viwili, na kuvuma "uuu" kupitia mrija huo huku mapovu yakitoka mfululizo. Shinikizo linalorudi kinywani hupunguza kugongana kwa nyuzi, na koo hulegea. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Usiinamishe kidevu wala kulishindilia zoloto chini, kwa maana besi ya namna hiyo ni ya maigizo na huchosha mapema.

Iwapo sauti yako haikushuka kabisa tangu ulipobalehe, ingawa ndevu na mwili vilikua kama vya wenzako, muone mtaalamu wa tiba ya usemi. Hali hiyo inafahamika vyema, na mara nyingi hurekebishwa kwa vikao vichache bila upasuaji.

Shikamoo. Nina miaka 15. Sauti yangu hupasuka katikati ya sentensi na darasani wananicheka. Nifanye nini ili itulie haraka? (Mwanafunzi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Usifanye zoezi lolote la kuiharakisha. Wakati wa kubalehe homoni ya testosteroni hurefusha na kunenepesha nyuzi za sauti, na misuli inayoziendesha huchukua muda kuzoea umbo jipya. Ndiyo maana sauti huruka. Kama unaimba kwaya au kaswida, mwombe mwalimu akuhamishie sauti ya chini zaidi, wala usizipiganie noti za juu ulizokuwa ukizifikia mwaka jana.

Mchuuzi mtaani kwetu anauza unga wa "kukoleza besi", na wengine wanasisitiza mayai mabichi. Kipi kinafaa? (Msomaji, Mwanza)

Hakuna kinachofaa kati ya hivyo. Unachokimeza hupita kwenye umio, nacho kisipogusa nyuzi za sauti ni heri, kwani kikizigusa utapaliwa. Yai bichi laweza pia kubeba bakteria wa salmonela. Kuhusu unga usiojulikana umechanganywa na nini, hofu yangu kubwa ni homoni, ambazo mwanamke akizitumia huweza kumnenepesha sauti asiirudishe tena hata baada ya kuziacha.

Ninaongoza idara yenye wanaume wengi. Mikutanoni hunikatiza, na rafiki yangu amenishauri nijifunze sauti nzito. Je, ushauri huo una maana? (Msomaji, Nairobi)

Una maana kwa kiasi. Margaret Thatcher alifundishwa na mwalimu wa sauti kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1979, na ukizilinganisha kanda zake za miaka ya 1960 na za miaka ya 1980 utasikia kwamba sauti ilishuka. Utasikia vilevile kwamba alipunguza mwendo, na kwa maoni yangu mwendo ulimsaidia kuliko besi.

Ningekushauri uanze na kiimbo. Katika Kiswahili "Bajeti imepita" na "Bajeti imepita?" hutofautishwa na kiimbo tu, kwa hiyo msemaji anayemaliza kauli zake juu huwafanya wasikilizaji wahisi anaomba idhini, na anayependa kukatiza huona mlango uko wazi. Chukua tahariri ya gazeti, uisome kwa sauti ukiwa umesimama, na kila ufikapo kwenye nukta teremsha kiimbo, maliza neno la mwisho likiwa zima bila kulimeza, kisha nyamaza kwa muda wa pumzi moja kabla ya kuendelea. Wengi huona kimya hicho kirefu mno mwanzoni, lakini msikilizaji hukiona cha kawaida. Rekodi kwa simu yako na usikilize kesho yake.

Usijilazimishe kuiga sauti ya mwanamume, ambayo si sharti la kusikilizwa. Wala usidhani sauti nzito ni mali yao: Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarabu kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa nani yuko jukwaani. Tabia ya kukukatiza, hata hivyo, ni kosa la wanaokatiza, na ni haki yako kusema, "Naomba nimalize."

Mimi ni mshereheshaji. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikisema kwa besi ya kujilazimisha harusini. Sasa sauti imenipwelea, wiki ya nne hii. Nipumzike kwa siku ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usihesabu siku; nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hii. Sauti iliyopwelea kwa zaidi ya wiki tatu inapaswa kuangaliwa kwa kioo au kamera ndogo, kwa kuwa chanzo chaweza kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti vinavyotokana na matumizi mabaya, asidi ya tumbo inayopanda usiku, au ugonjwa mkubwa zaidi, hasa kwa mvutaji wa sigara. Hadi hapo sema machache kwa sauti ya kawaida, na usinong'one kwa nguvu, kwani kunong'ona kwa namna hiyo huweza kulikaza koo.

Tatizo lako si geni. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliueleza uchovu wa sauti unaowapata watu wanaozungumza chini mno kwa pumzi haba, wakauita kwa majina ya waigizaji Humphrey Bogart na Lauren Bacall waliosifika kwa sauti nzito.

Utakaporuhusiwa kurudi kazini, besi iache kwenye kipaza sauti. Vipaza sauti vingi vya mkononi hupokea zaidi sauti ya mbele, na kadiri mdomo unavyovikaribia ndivyo vinavyoongeza sehemu za chini. Kishike umbali wa vidole vitatu hivi, ukikielekeza pembeni kidogo ya midomo ili "p" na "b" zisipulize, useme kwa kiwango chako cha kawaida, na umwombe fundi mitambo asikate sauti za chini kabla hamjajaribu pamoja ukumbi ukiwa mtupu.