Mtoto hali tumboni, anakula kwenye damu

Wiki hii mmeuliza: mtoto aliye tumboni anakulaje? Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Mbagala, na naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Wengi hudhani chakula cha mama humshukia mtoto kama kilivyo. Ndiyo maana mjamzito hukatazwa pilipili, eti itamuunguza mtoto macho, na mayai, eti atazaliwa kipara. Mtoto yuko kwenye mji wa mimba. Tumbo la chakula liko kwingine kabisa, na hakuna njia kati yao.

Kinachomlisha ni kondo la nyuma. Nimelipokea mikononi miaka mingi: nyama nyekundu iliyokolea, bapa kama sahani, karibu nusu kilo. Upande mmoja limeshika mji wa mimba, upande wa pili unatoka kitovu chenye mishipa mitatu. Mmoja humpelekea mtoto damu yenye chakula na oksijeni, miwili hurudisha taka. Damu ya mama na ya mtoto hupita jirani, zimetengwa na utando mwembamba, kwa hiyo mama wa kundi O huweza kubeba mtoto wa kundi A, mara nyingi bila shida. Sukari, protini iliyosagwa, madini ya chuma na kinga za mama hupenya. Pombe nayo hupenya, na sumu ya sigara.

Kinachoniuma ni chai na udongo. Juzi nimemkuta binti wa jirani, mimba ya miezi sita, anamezea vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya rangi, pembeni ana kipande cha udongo wa sokoni. Chai huyashika madini ya chuma yasiingie mwilini, na kisichoingia kwenye damu ya mama hakilifikii kondo. Nikamwambia amezee maji, ale na chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Hamu ya udongo nayo mara nyingi huja na upungufu wa damu, kwa hiyo aiseme kliniki apimwe. Asione haya.

Na malaria, jamani! Vimelea hujificha kwenye kondo, mama pengine hata homa hana, huku mtoto akipunjwa chakula hadi azaliwe na uzito mdogo. Zile dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki, msizikwepe. Yule binti alikuwa analala bila chandarua. Jana nimempelekea cha kwangu cha akiba.