Kabla hujalipia tiketi za msimu, shuka kwanza ligi za chini

Ndugu wanaohamia Kusini mwa California huniuliza washabikie timu gani ya besiboli. Mimi ni wa Angels, timu ya Anaheim, na nyumbani wananiambia huo ni ugonjwa. Jibu langu ni moja: usimtazame nyota aliyesajiliwa, tazama tajiri anavyowalea vijana wa chini.

Wengi humwita Arte Moreno, mmiliki wa Angels, bahili. Si kweli. Tangu ainunue timu mwaka 2003, amempa Albert Pujols mkataba wa miaka 10 kwa dola milioni 240, na Anthony Rendon miaka 7 kwa milioni 245. Pesa ya jina kubwa ipo. Inayotoka kwa shida ni ya kumlea kijana wa miaka 18 ambaye leo hauzi jezi, atahitaji miaka minne au mitano kukomaa, na pengine asikomae kabisa. Kibiashara hofu hiyo naielewa. Lakini Mike Trout, nyota wao, alichukuliwa mwaka 2009 akitokea sekondari, akiwa chaguo la 25 katika draft, yaani zamu ambazo timu hupokezana kuchagua chipukizi, kwa bonasi ya dola milioni 1.2 hivi. Linganisha mwenyewe na za Pujols.

Corona ilipoingia mwaka 2020, maskauti wa timu, yaani wasaka vipaji, walipelekwa likizo bila malipo. Julai 2023, nyota wao Shohei Ohtani akiwa anamaliza mkataba, Angels wakawatoa chipukizi wawili, Edgar Quero na Ky Bush, wapate warushaji Lucas Giolito na Reynaldo López. Funika kombe mwanaharamu apite! Agosti haijaisha, warushaji hao wote wawili wakaachiwa waende. Desemba Ohtani naye akahamia Dodgers, majirani wa Los Angeles. Angels hawajagusa mechi za mtoano tangu 2014.

Basi fanya hivi. Nenda kaangalie mechi za Single-A, mojawapo ya ligi za chini ambako timu kubwa hulea vijana wao. Mimi nilizoea kwenda San Bernardino, vijana wa Angels walipokuwa wakicheza huko. Kaa nyuma ya wavu, karibu na mdakaji. Utamsikia kocha akimrekebisha mrushaji namna ya kuweka vidole kwenye mshono wa mpira. Hesabu makocha. Chungulia wanachokula baada ya mechi. Na usidhani matajiri wamebadilika kwa huruma: kima cha chini cha mshahara wa Single-A kilikuwa dola 11,000 kwa mwaka, hadi chama cha wachezaji kilipopata mkataba wake wa kwanza wa ligi hizo mwaka 2023 na kukipandisha hadi 26,200.

Kisha rudi kwenye kikosi cha kwanza, uone wangapi wamelelewa hapohapo. Dodgers, ambao watu husema wananunua makombe, walitwaa la 2020 wakiwa na Corey Seager, Cody Bellinger na Walker Buehler, wote watoto wa nyumbani.

Mimi jezi sijavua, nimeshachelewa. Ila tiketi nanunua za mechi mojamoja.