Re: Kreveti kidogo ya bahari, inaweza kuuzika Goma?

Dada, umeuliza kama ile kreveti (kamba) kidogo-kidogo ya bahari unaweza kuileta huku Goma, kwa sababu ile ya kubwa iko bei kali. Ile kidogo kule pwani wanaiita uduvi, jina ya wasomi ni Acetes, urefu wake sentimeta 1 mpaka 3 hivi, inatembea makundi-makundi karibu na nchi kavu kama vile sambaza, samaki kidogo yetu ya ziwa Kivu. Meli kubwa za Msumbiji, kule Sofala, zinatafuta kamba kubwa ya kuuza Ulaya, hii kidogo hazina haja nayo. Lakini Malaysia wanaitia chumvi, wanaitwanga wanafanya belacan, kiungo ya kutia mu chakula, na India, Maharashtra, wanaianika tu kwa jua, ni chakula ya kila siku ya watu wadogo.

Bon, shida ni hii: inaoza mbio sana, kama haikuanikwa siku ileile umepoteza franga. Chukua ile ya kukauka kabisa, itafune, kama meno inasikia muchanga uache. Mi ningeanza na kilo 10 tu, sombe (majani ya muhogo) na uduvi iko tamu, lakini bamama ba soko banapenda sambaza yao weee!