Kamera isiyokatwa: jibu la mpiga video wa matanga, Kisumu

Mwenzetu aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili. La kwanza, ile kamera ya Adolescence, tamthilia ya runinga ya Uingereza, inayokwenda kipindi kizima bila kukatwa ina maana yoyote, au wapiga picha wanaringa tu? La pili, mbona kitabu kikigeuzwa tamthilia ya runinga ladha hupotea? Wengi wamejibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi niruhusuni nijibu kwa urefu, kwa sababu kamera ndiyo inayonilisha. Tangu 2013 napiga video za harusi na matanga hapa Kisumu na upande wa Siaya, na hilo swali la kukata au kutokata hunijia kila Jumamosi.

Ambaye hajaitazama Adolescence ajue nitataja yaliyomo.

Nianze na matanga. Miaka minne iliyopita niliitwa mazishi ya mama mmoja upande wa Ugenya. Binti yake yuko Marekani, na karatasi zake hazikuwa zimekamilika, kwa hivyo akitoka asingeweza kurudi. Alinipigia simu usiku, kesho yake mwili ukitarajiwa kutoka mochari. Akaniambia, "Ndugu yangu, video zako nimeziona, ni nzuri, lakini unakatakata. Mama akitolewa kwenye gari usinikatie. Nataka nitembee naye mpaka ndani ya nyumba yake."

Nilimkubalia kwa sababu ya sauti yake. Kuamini kwamba itapendeza sikuamini. Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama barabarani, vijana wakalibeba jeneza begani. Nikafuata nyuma, kamera kwenye gimbali (kishikio kinachoizuia kutikisika), dakika 19 bila kuzima. Mkono uliniwaka moto. Katikati ya safari ndala ya kijana mmoja ikanaswa na matope, akaiacha pale pale, akaendelea na mguu mtupu. Walipofika langoni wakasimama kubadilishana mabega. Hapo hakukuwa na lolote la kupiga. Watu walikuwa wanahema, mtu anapangusa jasho, mama mmoja anafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa kabla ya kuanza kulia. Kidole changu kilitaka sana kubonyeza kitufe. Sikubonyeza.

Wiki moja baadaye binti yule alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema, "Pale mliposimama langoni, hapo ndipo nilipofika nyumbani."

Kwa mazoea yangu, ningempa gari, lango, jeneza, akina mama wakilia, mlango wa nyumba. Shoti tano, yaani vipande vitano vya picha, kila kimoja kikipigwa bila kukatwa, sekunde 40. Angejua yaliyotokea, lakini hayo alikuwa ameshaambiwa kwa simu na shangazi zake wote. Alichokuwa anakosa ni mwendo wenyewe, ule muda mrefu wa kwenda pole pole mahali ambapo hutaki kufika.

Sasa turudi kwenye Adolescence, iliyotoka Netflix Machi 2025. Vipindi vinne, kila kimoja takriban saa nzima, kila kimoja shoti moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliitazama sebuleni Manyatta na mama yangu, pamoja na mpwa wangu wa miaka 14. Mama Kiingereza hakimwingii vizuri, kwa hivyo mimi humtafsiria kwa Kijaluo. Kazi hiyo nimeizoea. Tulipokuwa wadogo tulilipa shilingi kumi kwenye kibanda cha video, na dijei alitusimulia sinema ya Kichina mwanzo mwisho, kila picha ikikatwa naye anarusha neno. Hata leo nikitafsiri nafuata mdundo ule ule: picha ikibadilika, nasema.

Katika kipindi cha kwanza polisi wanavunja mlango alfajiri na kumchukua Jamie, mvulana wa miaka 13, kwa tuhuma ya kumuua msichana wa shule yao. Kamera inapanda gari pamoja naye, inashuka naye kituoni, inasubiri naye kwenye dawati. Inafika pahali mtoto anatakiwa avuliwe nguo apekuliwe, baba yake akiwa ndani ya chumba kama mtu mzima wa kumsimamia. Wengine wangetuonyesha mtoto, au wangekata twende ofisi nyingine. Wao waligeuza kamera kwa baba, ikakaa usoni pake. Amri za polisi tunazisikia tu, tukimwangalia Stephen Graham, anayemwigiza baba, anavyoangalia. (Ndiye pia aliyeiandika tamthilia hii, yeye na Jack Thorne.) Nikanyamaza, sikuwa na neno la kutafsiri. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Wamwache mtoto avae, jamani. Baba yake anaona."

Hilo ndilo jibu langu la swali la kwanza, na sitalibadilisha: shoti ndefu ina thamani pale inapokukalisha na mtu ambaye ungependa kumpa mgongo. Kukata ni kama kupewa ruhusa ya kutoka nje. Hapo ruhusa ilifungwa, na mama yangu akabaki ndani ya chumba kile na mzazi mwenzake, mtu wa Uingereza ambaye hawajui lugha moja.

Kwa sababu hiyo naona kipindi cha tatu ndicho bora. Ni mtoto na mwanasaikolojia, mezani, ndani ya chumba kimoja. Mwanasaikolojia, ambaye ni mwanamke, anamletea chokoleti ya moto, wanaanza kwa maneno ya kawaida, kisha dakika kwa dakika tunaona hasira ya mtoto inavyoinuka, inarudi chini, inainuka tena juu zaidi. Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, hakuwa amewahi kuigiza kwenye runinga, na hicho ndicho kipindi walichokipiga kwanza kuliko vyote. Kuna mahali anapiga mwayo. Haukuwa kwenye maandishi, mwayo ulimjia tu, na Erin Doherty, anayemwigiza mwanasaikolojia, akaudaka papo hapo, akamuuliza kama anamchosha, na mtoto akatabasamu kidogo. Kwenye tamthilia ya kukatakata, mhariri angeutupa mwayo ule kwenye pipa. Hapa ukawa sehemu ya mazungumzo, na ukatisha kuliko ukelele. Cooper alipewa tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, na mimi nasema aliistahili kwa saa ile moja.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba mtu yeyote anaweza, ni kuwasha kamera na kutembea. Hapana, ndugu. Mwelekezi Philip Barantini na mpiga kamera Matthew Lewis walikipa kila kipindi takriban wiki tatu, wakianza na mazoezi ya waigizaji peke yao, kisha mazoezi pamoja na kamera, na wiki ya mwisho kupiga, mara mbili kwa siku. Kosa likitokea dakika ya 50 mnarudi mwanzo. Kipindi cha kwanza tunachokiona ni teki ya pili, yaani jaribio la pili la kukipiga chote, cha nne ni teki ya 16. Kamera waliyotumia, Ronin 4D ya DJI, ina gimbali yake ndani kwa ndani na si kubwa, ndiyo maana inaweza kupokezwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ikapita dirishani, ikaning'inizwa kwenye gari. Mimi nilibeba yangu peke yangu dakika 19 na kesho yake sikuweza kuinua kikombe cha chai sawasawa.

Lakini sitasifu kila kitu. Kipindi cha pili, kile cha shuleni, kwangu kina udhaifu. Kamera inamwacha mtu huyu inamdandia yule, korido hadi korido, na mara nyingi niliona inahama kwa sababu ni lazima ihame. Kijana anaruka dirisha, kamera nayo inapita dirishani, na kuanzia hapo nikaacha kuwaza juu ya marehemu nikaanza kuwaza ni nani ameipokea upande wa pili. Halafu mwishoni kamera inafungwa kwenye droni, inapaa juu ya mji, inakwenda kushuka pale msichana alipouawa, na baba wa Jamie anaweka maua. Maua yaliniingia moyoni. Safari ya angani haikuniingia. Mpwa wangu ndiyo aliyoipenda zaidi, akataka turudishe nyuma, na simlaumu, lakini alikuwa anauliza kuhusu droni, huyo msichana hakumuuliza.

Wala jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1948 mwelekezi Hitchcock alijaribu kuipiga filamu yake Rope kama kwamba haikatwi, lakini gombo la filamu wakati huo lilibeba kama dakika kumi tu, kwa hivyo ilimbidi afiche baadhi ya viungo nyuma ya migongo ya watu. Kamera za dijitali ndizo zilizofungua njia. Mwaka 2002 mwelekezi Sokurov, katika filamu yake Russian Ark, alitembea na kamera ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage kule Urusi dakika 96 bila kukata, na alifaulu mara ya nne. Filamu ya vita iitwayo 1917, ya Sam Mendes, wengine mnaitaja kama shoti moja, ni shoti nyingi zilizounganishwa kwa ustadi. Hilo halinisumbui. Ninachouliza ni kama nilibaki na yule askari, na nilibaki.

Sasa vitabu. Watu wengi wanapolalamika kwamba tamthilia imeharibu kitabu huwa wanahesabu yaliyokatwa: mhusika fulani hayupo, sura fulani imerukwa. Mimi nilijifunza tofauti, na kwa njia chungu. Mwaka 2017 kikundi kimoja cha waigizaji kinachozunguka shule za sekondari kuigiza vitabu teule kiliniajiri nipige mchezo wao, wauze video kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Nilitazama onyesho la kwanza kwenye bwalo la shule, wanafunzi wamejaa hadi madirishani. Kulikuwa na mahali bwana mkubwa anatoa ahadi za uongo kwa wageni, na mtumishi wake amesimama nyuma ameshika sinia. Mtumishi hana neno hata moja. Kila uongo ukitoka, sinia linashuka kidogo. Bwalo lilivunjika kwa kicheko.

Tulipopiga, mkubwa wa kikundi alitaka kila anayesema aonekane uso kwa ukaribu, "kama zile za runingani." Nikafanya hivyo. Hakuna neno la kitabu lililoachwa. Tulipoonyesha video ile kwenye shule ya pili, mahali pale palipita kimya, hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemkata mtumishi. Maneno yote yalikuwepo, lakini aliyekuwa anayasikiliza kwa niaba yetu hakuwepo. Video hazikuuzwa, nami malipo yangu ya mwisho sikuyapata, ingawa kwa hilo la pili sidhani kosa ni la sinia.

Basi nikitazama kitabu kilichogeuzwa picha natafuta sinia. Natafuta kile kinachotokea kando ya maneno. Mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez, alikataa maisha yake yote kuiuza riwaya yake ya 1967, Cien años de soledad (Miaka Mia ya Upweke), igeuzwe filamu, na familia yake ndiyo iliyokubali baada ya yeye kufariki, iwe kwa Kihispania na iwe ya vipindi vingi. Vinane vya kwanza vilitoka Desemba 2024. Nimevitazama vyote. Kuna mambo ya kitabu yaliyopungua, hilo sipingi. Lakini walijenga kijiji kizima kule Kolombia, na kamera yao inapenda kutembea ndani ya ile nyumba ya akina Buendía, familia ya riwaya hiyo, bila haraka, na mtu anayepita nyuma akibeba kitu chake ana maisha yake. Ukitazama hivyo unaelewa kwamba nyumba ile ni mhusika, jambo ambalo kwenye kitabu unaling'amua polepole, ukurasa hadi ukurasa.

Mmoja ameuliza mbona tamthilia zetu za kila jioni hazijaribu haya. Nimesaidia kubeba taa kwenye moja, naomba msiwaonee. Kipindi kinatakiwa kesho kutwa, wanapiga matukio mengi kwa siku moja, bodaboda zinapita nje, stima inapotea. Ukipata sentensi mbili safi unashukuru Mungu. Hata hivyo ukirudi nyuma kwenye Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha kesi cha KBC, utaona walikuwa wanajua jambo hili bila mitambo yoyote: kesi inasomwa, wewe macho yako yako kizimbani, unamwangalia mshtakiwa anavyojifanya hasikii. Hiyo haihitaji droni. Inahitaji mwelekezi avumilie sekunde tano zaidi kabla ya kukata na kutia muziki.

Kwa aliyeuliza, ushauri wangu ni huu. Anza na kipindi cha tatu cha Adolescence, simu ukiiweka chumba kingine. Ukifika kwenye ule mwayo, jiangalie kama uliacha kupumua. Ukiona hukuguswa, basi tutaendelea kubishana hapa hapa kwa heshima, kuna wengi mtaani wanaokubaliana na wewe, akiwemo mke wangu, anayesema kutazama kitu bila kukatwa kunamchosha kama kusimama foleni.

Mimi Jumamosi hii niko Bondo. Familia imeniomba vitu viwili: hotuba za wakubwa nizikate zote ziwe dakika kumi, na mzee akitolewa nyumbani kwenda kaburini nisizime hata kidogo. Nimenunua betri ya pili, na kijana wangu atatembea kando yangu upande wa kushoto ili nikichoka tupokezane bila picha kutikisika. Tumefanya mazoezi jana jioni ufuoni Dunga, tukibeba mtungi wa maji badala ya kamera.